Tanuri Nililolifungua Mapema

Siku ile naikumbuka kwa mkono huu wa kulia, mwanangu. Kovu hili umeliona tangu unanyonya, na hujawahi kuuliza. Leo nakwambia lilikotoka, maana nimesikia unataka kuacha ufundi wa umeme kabla hujamaliza, eti kuna mtu wa Dodoma anakuhitaji haraka.

Enzi hizo biashara huria ndiyo kwanza imeruhusiwa nchini. Maduka ya Itigi, ambayo tulizoea kukuta chumvi na viberiti tu, ghafla yana mabati yanang'aa mpaka unafumba macho. Sisi tulikuwa tunaishi kwenye tembe, paa la udongo. Mvua ikinyesha mama anahamisha kitanda kutoka kona hii kwenda ile, na sufuria anaitega katikati. Nikaapa kwamba mvua za mwaka ule zitamkuta chini ya bati. Nikakata miti ya miyombo nipate mkaa wa kuuza, nikapanga magogo, nikafunika kwa majani na udongo, nikawasha. Tanuri langu la kwanza la mkaa, kubwa kuliko akili yangu!

Siku ya nne asubuhi likaja lori la kununua mkaa. Dereva akapiga honi, akachungulia dirishani.

"Kijana, mzigo upo? Leo narudi, na sijui kama nitapita tena."

Nikalitazama tanuri. Kwenye tundu la chini kulikuwa kunatiririka kitu cheusi, kizito, kinanata, kina harufu kali. Nikajiambia, mti umeshatoa uchafu wake, mkaa tayari. Moshi ulikuwa bado mweupe na mzito, dalili ya mkaa mbichi, na niliuona kwa macho yangu haya. Basi tu, honi ile ilinipanda kichwani.

Nikapiga jembe. Hewa ikaingia, na moto ukaruka kutoka mle ndani, puu! Ukanilamba mkono. Tulimwaga udongo mimi na dereva, lakini wapi! Yeye akaondoka na lori tupu, mimi nikabaki na majivu na magogo yaliyoungua nusu. Nililia, mwanangu, sikufichi.

Akaja jirani yetu, Mzee Ntandu, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye machimbo ya makaa ya mawe huko kusini. Nikamwamkia shikamoo, hakuitika. Kwanza aliupaka mkono wangu asali, taratibu, ndipo akasema marahaba, kisha akanigeukia.

"Ile nyeusi ilikuwa mafuta ya mti. Mti ndiyo kwanza unaiva, wewe unaufungulia mlango! Unajua makaa ya mawe yametoka wapi? Yalikuwa miti na majani kama haya. Yakaangukia kwenye kinamasi, tope likayafunika, juu yake mchanga, juu yake mawe, yakazama. Uzito wa juu unayabana, unayakamua maji. Joto la huko chini linayapika bila hewa, kwa miaka ambayo mimi na wewe hatuwezi kuitaja. Kadiri yanavyozama joto linazidi, nayo yanaanza kutoa mafuta kidogo na gesi nyingi. Ule mbano unaishikilia gesi humo humo ndani ya makaa. Sisi tulikuwa tunaiogopa. Ukichimba, mbano unalegea, gesi inatoka, na cheche moja inatosha kuwamaliza wote."

Nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Na joto likizidi zaidi?"

"Mafuta nayo yanavunjika, yanakuwa gesi. Likizidi tena, hata gesi inakwisha, unabaki na jiwe jeusi kavu. Kwa hiyo sikwambii ukae tu kama gogo. Nakwambia ujue kitu chako kimefika wapi."

Mvua zikaja. Mama akahamisha kitanda, akatega sufuria, wala hakunisema. Afadhali angenichapa.

Mwaka uliofuata nililinda tanuri jipya mpaka moshi ukawa mwembamba, wa bluu, nikaacha lipoe, ndipo nikafungua. Mabati yakaja. Mvua ya kwanza ilipoyapiga, mama alikuwa anachambua mboga. Akainuka mbio, akachukua sufuria, akaiweka katikati ya chumba kama alivyozoea. Akasimama kusubiri paa livuje. Halikudondoka hata tone. Alicheka mpaka akatoa machozi.

Alilala chini ya bati lile mvua mbili tu, za mwaka ule na za uliofuata, kisha Mungu akamchukua. Zingekuwa tatu, mwanangu. Ile moja niliyomnyima inaniuma kuliko huu mkono.

Basi nisikilize. Huyo mtu wa Dodoma anapiga honi kwa safari yake, si kwa ajili yako. Kabla hujamfuata, muulize fundi wako ni wapi bado hujaiva, na akikwambia umeiva, ondoka siku hiyo hiyo, usikae hapa ukakauka kwa kuniogopa mimi. Uangalie moshi wako mwenyewe. Mungu akulinde mikono hiyo, ufanikiwe, na wa kwanza kufaidi jasho lako awe mama yako, angali anakusikia ukibisha hodi.