Bibi Alipojifunza Kimbugu

Mama alikuwa Mmbugu aliyeolewa kwa Washambaa. Kijijini kwetu, juu ya mji mdogo wa Soni, alikuwa Mmbugu pekee. Majirani hawakumchukia, walimcheka tu namna alivyotamka Kishambaa, na walipomzungumzia walisema "yule Mmbugu". Nilipozaliwa, bibi mzaa baba alimwomba asitufundishe lugha yake, tusije na sisi tukachekwa. Mama alitii. Kimbugu akawa anakiongea na ng'ombe wake tu, wakati wa kukamua.

Serikali ilipotoa ruhusa ya biashara huria, malori ya watu binafsi yalianza kupanda mlimani kufuata kabichi za kupeleka Dar es Salaam. Lori moja kati ya hayo ndilo lililomleta bibi mzaa mama kutoka kwao, amekaa mbele na dereva, amefunikwa blanketi. Alikuwa amepooza upande mmoja, na sisi tulikuwa karibu na hospitali. Kishambaa alikuwa amekisema maisha yake yote, lakini ugonjwa ulikifuta. Kilibaki Kimbugu.

Siku ya gulio mama alikwenda kuuza mapeasi, mgonjwa akabaki na bibi mzaa baba. Bibi alipomletea uji, mgonjwa aliusukuma, akawa anarudia neno moja mpaka machozi yakamtoka. Bibi hakuelewa. Jioni alimfuata mama jikoni.

"Mwanangu, maji mnayaitaje?"

Mama aliendelea kumenya ndizi. Kisha akalitaja neno lenyewe taratibu. Bibi akalirudia, akalikosea. Mama akamtamkia tena.

Asubuhi bibi aliketi kando ya kitanda na kikombe mkononi, akalisema lile neno. Mgonjwa alimtazama, mdomo ukapinda upande ule usiopooza, akacheka. Akamsahihisha. Tangu hapo wakawa wawili: bibi akiuliza kwa ishara baridi inaitwaje, mgongo unaitwaje, mwenzake akimfundisha kwa subira huku wakiota jua uani.

Masika yalipoanza, bibi mzaa mama alifariki. Majirani walipokuja kutoa pole kwa mama, bibi aliwaambia na yeye amefiwa. Matanga yalipoisha alimwita mama, akamwambia mbele yetu, "Wafundishe watoto. Nilikosea kukuzuia."

Mdogo wetu wa mwisho ndiye anayekisema vizuri. Mimi nilikuwa nimeshakua. Ninakielewa, lakini kila nikijibu ulimi unateleza kwenye Kishambaa, na mama hunitamkia upya, polepole.