Mjomba wa Timu ya Japani

Juzi, barabarani Kilburn, mtaa wa ughaibuni nilikokulia, nilimwona kijana aliyevaa fulana ya timu ya mpira wa kikapu ya Japani, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni.

Nilikuwa peke yangu. Mama alikuwa kazini, akisafisha ofisi. Mlango ulibishwa. Niliinua kifuniko cha tundu la barua mlangoni, harufu ya marashi ikaingia.

“Fungua, mpwa wangu,” mwanamume alisema. “Mimi ni mjomba wako wa Goma. Siku hizi nacheza kikapu Japani, timu ya kulipwa.”

Nilijua anadanganya. Sikujua bado kwamba timu huajiri wageni. Kwangu timu ya Japani ilikuwa ya Wajapani, na huyu alisema Kiswahili cha Mama. Bila shaka alikuwa mtu wa uhamiaji, katumwa kutuchunguza.

“Mama hakai hapa,” nilisema.

Alisema ndege yake inaondoka jioni, akapenyeza fulana kwenye tundu, akaenda zake.

Mama aliporudi, alisoma jina la baba yake mgongoni mwa fulana, akakimbia mpaka kituo cha basi. Alirudi akihema. Hakunigombeza.

“Ni mrefu?” aliniuliza.

Mama alipokimbia Goma, mdogo wake huyo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.