Kiti cha Mama Brightness

Brightness alizaliwa Januari, na tangu alipoletwa nyumbani, ghorofa ya kumi na nne pale Crescent Town, Canada, alikataa kulala popote isipokuwa kwenye kiti cha ofisi. Kitanda chake cha mbao, alichokiunganisha baba yake Sebastian kwa jasho na matusi, alikipigia kelele. Kifua cha baba nacho alikipigia kelele. Lakini mama yake, Adelina, akikaa kwenye kile kiti cheusi chenye magurudumu, akaegemea nyuma na kuisukuma sakafu kwa kidole gumba cha mguu, kiti kikalia nyii, nyii, mtoto alizimika kama taa.

Kwa hiyo barua pepe ilipoingia kutoka kazini, kampuni ya bima kule Markham, ikimpongeza kwa kupata mtoto na papo hapo ikimwomba arudishe kompyuta, simu na kiti ili avitumie mtu aliyeshika nafasi yake, Adelina hakuhuzunika kwa vyote. Kompyuta waichukue. Simu nayo, tena na mlio wake. Lakini kiti?

"Wanataka kiti," alimwambia mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Moshi kumtunza mzazi, na ambaye kwa maoni yake Canada nzima ilikuwa friji ambayo mtu kasahau kuifunga.

"Kwani huko ofisini wanasimama?"

"Hapana, mama. Viti wanavyo."

"Basi ni roho mbaya."

Adelina hakuwa mtu wa kugombana. Kazini alijulikana kwa kuiomba radhi mashine ya kahawa. Lakini mtu asiyelala husoma vitu vya ajabu, naye alisoma sheria za likizo ya uzazi kwenye ileile simu waliyokuwa wakiidai, mtoto kamlaza begani. Alivyoelewa yeye, vifaa vya kazi ni mali ya mwajiri na anaweza kuvidai, ila marupurupu kama bima ya meno na ya dawa hayakatwi kwa sababu mtu amejifungua. Na kiti hakikuwa kifaa cha kazi. Alikinunua kwa posho yake ya afya, ileile ambayo wenzake walilipia gym na Urbanus wa kitengo cha madai akanunulia baiskeli. Baiskeli ya Urbanus hakuna aliyeidai. Tatizo la kiti ni kwamba kiliagizwa kupitia ofisi, kikabandikwa stika ya kampuni kabla hakijamfikia mwenyewe.

Aliwaandikia haya kwa upole mwingi. Wakamjibu kwamba watalifuatilia, wakaweka na kile kisura cha kutabasamu. Kisha wakamtuma Kangethe.

Kangethe alikuwa Mkenya wa stoo, pande la mtu, mwenye kitoroli na mashine ndogo ya kusomea stika. Alibisha hodi wakati Brightness ndiyo kwanza amesinzia, kwenye kiti, juu ya mama yake. Mama mkwe alifungua mlango, kidole mdomoni, akamtazama mikono. Kwao haiingiwi nyumba ya mzazi mikono mitupu. Mtu huja na ndizi, au nyama, ikishindikana kabisa hata kipande cha sabuni.

"Umekuja kumwona mzazi?" alinong'ona.

"Hapana, shosho. Nimetumwa kuchukua vitu."

"Kuchukua? Kwa mzazi? Watu wanaleta, wewe unachukua?"

"Mimi ni wa kutumwa tu, mama."

"Hata mwizi katumwa, katumwa na tumbo. Kaa hapo."

Alikaa. Akapewa bakuli la mtori, ndizi na nyama zilizopondwa pamoja, ambao ulipikwa kwa ajili ya mzazi, na akalimaliza bila kupinga. Kisha akaielekeza mashine yake kwenye kompyuta. Tii! Wote watatu wakabana pumzi, wakamgeukia mtoto. Simu. Tii! Mtoto akakunja uso, akaghairi.

"Sasa imebaki hiyo kiti," Kangethe alinong'ona.

"Hiki ni marupurupu yangu, kaka Kangethe." Sentensi hii Adelina aliifanyia mazoezi bafuni, na bafuni ilikuwa na sauti. "Nilikinunua kwa posho yangu. Niko likizo, sijaacha kazi."

"Nakuelewa kabisa. Lakini mashine inasema kuna kiti. Nikirudi bila kiti, mimi ndio nitakaliwa."

"Hiyo mashine inakijuaje kiti?" mama mkwe aliuliza.

"Stika, shosho. Iko huko chini, nyuma."

Mama mkwe alipiga magoti, akapotea chini ya kiti, akaibuka na ngumi imefumbwa. Akatoka roshani kwenye theluji. Aliporudi alikuwa amebeba kiti cha plastiki, cheupe, chenye mguu mmoja ulioungwa kwa gundi, na stika imebandikwa mgongoni kwa mate.

"Kiti chenu hiki."

Kangethe alikitazama kile kiti. Akamtazama Adelina, aliyekuwa amejifunika uso kwa kanga ya mtoto. Akainua mashine. Tii!

"Kiti, kimoja," alisoma. "Mashine haikosei."

Akaondoka nacho juu ya kitoroli, kinadondosha maji ya theluji korido nzima.

"Umeshinda. Lala," mama mkwe alisema.

"Sijashinda, mama. Tumeiba kitu ambacho ni changu."

Hilo lilimkera kuliko barua pepe yenyewe. Aliazima simu ya Sebastian, akaanza kuandika. Alianza na "Samahani", akaifuta. Akaanza tena, ikatokea tena yenyewe, akaifuta tena. "Kiti mlichochukua ni cha plastiki, na ni cha mama mkwe wangu, naomba mkirudishe. Changu ninacho, kwa sababu ni changu. Kilitokana na posho yangu ya afya. Mkikitaka, daini kwanza baiskeli ya Urbanus."

Safari hii jibu halikuwa na kisura. Walikuwa wameangalia kumbukumbu zao: kiti ni chake, stika ilibandikwa kimakosa, hawatakidai tena. Waliongeza kwamba mfanyakazi mpya alikuwa amekikalia kile cha plastiki muda wote huo bila kulalamika, akidhani ndivyo kampuni ilivyo.

Kangethe alirudi, akapanda na lifti. Mkono mmoja ulishika kiti cha plastiki. Ndani ya sebule kiti cheusi kilikuwa kinalia nyii, nyii, kwa hiyo hakubisha, alikwaruza mlango kwa kucha. Mama mkwe alifungua, akamtazama mikono. Kwenye ule mwingine kulikuwa na mfuko wa ndizi mbichi.

"Sasa ndiyo umekuja," alinong'ona, akaufungua mlango wote.