Ngolo wa Moshi Mbele ya Maprofesa

Mimi sipendi harufu ya samaki, na nilimwambia Marthe hivyo siku ile ile alipoingia na chupa zake katika chumba chetu cha watafiti, pale chuo kikuu, Kisangani. "Dada, hapa tunasoma," nikamwambia. "Soko liko kule mtoni." Akacheka. Marthe akicheka, hata walio chumba cha pili wanauliza kuna nini. Akazipanga chupa dirishani, samaki wote wakanigeuzia macho meupe, halafu akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Ugomvi wetu uliishia hapo, juu ya lituma, ndizi za kupondwa, aliyoileta kwenye bakuli.

Chumba chenyewe kilikuwa cha wale waliokosa chumba. Kila kitivo kilikuwa kimetupa huko mtu wake wa shahada ya udaktari asiyekuwa na pa kuweka meza. Mimi, Daniella, natafiti sheria: nani ana haki ya kuvua wapi, na nani anamdanganya nani. Ruphin anatafiti lugha za mtoni, mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa. Na Élise ni daktari wa hospitali, anasomea picha za mifupa. Alikuwa anakuja kwetu kuandika kwa sababu nyumbani kwake kuna mapacha, na mapacha hawaheshimu tasnifu ya mtu.

Tulikuwa na desturi yetu. Kila Ijumaa mmoja anasimama, anaeleza utafiti wake kwa maneno ya nyumbani, bila kujificha nyuma ya Kifaransa cha vitabuni. Wengine wakishindwa kuelewa, wiki inayofuata anawalisha mikate ya kukaanga. Mimi niliwalisha mikate mpaka nikakasirika. Marthe hakulisha mtu hata mara moja. Alisimama kueleza habari za ngolo, yule kambale wa mto wetu, akasema: "Sokoni mama wote wanasema ngolo ni ngolo. Mimi nasema ngolo wa maporomoko, hapa Kisangani, na ngolo wa msitu unaofurika kule Yanonge ni samaki wawili. Ngozi inafanana, sharubu zinafanana. Tofauti iko kwenye uti wa mgongo: wa Yanonge ana pingili nyingi kuliko mwenzake. Basi." Akakaa.

Swali hilo alilibeba tangu utoto. Alizaliwa Yanonge, katika nyumba ambayo ukitoka mlangoni vibaya unaloana. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na kaka wa mama yake, Papa Michel, mvuvi na shemasi wa kanisa. Papa Michel alimchukua kwenye pirogi, mtumbwi wake, kwa sababu ukimwacha nchi kavu anapiga kelele, na kwenye pirogi vile vile alipiga kelele, maswali tu. Kwa nini ngolo wetu ana ladha nyingine? Kwa nini yule wa mjini ni mfupi? Mzee alikuwa anamwambia: "Marthe, samaki banasikia. Nyamaza kwanza." Hakunyamaza. Alisoma, akaja mjini, akawa mwalimu wa biolojia kule Lubunga, anavuka mto asubuhi kufundisha, anavuka tena mchana kurudi kwa samaki wake. Anaimba kwaya. Anachelewa kila mahali isipokuwa mtoni. Nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu wa damu, na naomba wasilisome hili.

Basi, tasnifu ikaisha, siku ya kuitetea ikapangwa Jumamosi. Hapo ndipo Profesa Mahmoudi alipotuma ujumbe. Huyu anatoka Kinshasa, ndiye mtu wa nje katika jopo, na bila sahihi yake hakuna daktari. Akaandika kwamba samaki wa Marthe wa Yanonge ni watoto wote, na watoto hubadilika wakikua. Alitaka kuona ngolo mmoja aliyekomaa, mzima, kutoka Yanonge. Asipomwona, hasaini, na Jumapili anapanda ndege. Atarudi lini? Hakuna aliyejua.

Aka! Ngolo mkubwa wa Yanonge hapatikani hivi hivi. Anajificha ndani ya msitu wa maji, na akipatikana hafiki mjini, anafika sufuriani. Marthe akampigia simu Papa Michel. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno: "Papa, nitafutie mukubwa. Usimupasue. Usitoe matumbo. Na asioze, papa, nakuomba." Akatuma na jerikeni ya alkoholi ya maabara kwa baleinière, ile mashua ya injini iliyokuwa inashuka Yanonge, akamweleza mzee kwamba samaki atumbukizwe humo. Mzee akajibu: "Nimesikia, mama." Anamwita mama, kwa sababu Marthe alirithi jina la marehemu mama wa mzee.

Ijumaa tulisubiri roho mkononi. Mchana Papa Michel akafika juu ya toleka, baiskeli ya abiria, amevaa koti lake la kanisani, jua kali vile, jerikeni mkono mmoja, kikapu mkono mwingine. Akasalimia kila mtu. Akauliza habari za wazazi wetu mmoja mmoja. Kisha akafungua majani ya kikapu.

Yesu wangu! Ngolo alikuwa mkubwa kweli. Alikuwa pia mweusi, anang'aa, mkavu, amekunjwa duara na mkia umepitishwa mdomoni, kama wanavyopangwa sokoni. Alikuwa amekaushwa kwa moshi! Harufu ikajaa chumba kizima. Ruphin akameza mate kwa sauti. Marthe akakaa chini, sakafuni.

"Papa," akasema polepole, "na ile alkoholi?"

"Iko hii. Nimekurudishia yote."

"Hukumuweka ndani?"

Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Marthe. Mimi ni shemasi. Nilaze samaki ya mutoto yangu ndani ya pombe, halafu Jumapili nisimame mbele ya batu? Ulisema asioze. Ameoza? Nilimukausha na kuni ya muzuri, moto polepole, mi mwenyewe nililala pembeni yake. Na matumbo sikutoa, vile ulisema. Majirani banacheka mpaka leo!"

Damu ilinipanda. Nilifungua mdomo nimwambie huyo mzee kila kitu, pamoja na vifungu vya sheria. Marthe akaninyooshea kiganja: usithubutu. Hakuna anayempigia Papa Michel kelele mbele ya Marthe. Akainuka, akampa kiti, akampa maji, akasema, "Aksanti sana, papa, umeteseka." Kisha akatoka nje, akaenda nyuma ya jengo, akalia. Nilimfuata. Alikuwa analia bila sauti, na Marthe bila sauti anatisha. "Daniella," akasema, "imekwisha. Nitasimama kesho na chakula mbele ya maprofesa."

Nilimshika mabega tu, nikalia naye kidogo, kwa hasira.

Tuliporudi ndani tukamkuta Élise, ametoka kazini na koti jeupe, mkono tayari kwenye mkia wa ngolo. "Nani ameleta?" anauliza, amefurahi. "Ruphin amesema anaenda kutafuta lituma."

"Usiguse!" tukapiga kelele mdomo mmoja.

Tukamweleza. Élise alisikiliza, akamzunguka ngolo. "Marthe, Ijumaa ile ulituambia tofauti iko wapi? Kwenye ngozi?"

"Kwenye uti wa mgongo."

"Na moshi unakula mifupa?"

Marthe akaweka kidole kwenye mgongo wa ngolo.

"Na mimi, jamani," Élise akasema, "kazi yangu kule hospitali ni nini? Kuuza mchicha?"

Tulitoka mbio. Papa Michel hakukubali mtu mwingine abebe kikapu. Hospitalini, mkuu wa Élise alisikiliza habari yote akashika tumbo kwa kicheko, akasema sawa, lakini baada ya mgonjwa wa mwisho. Tukakaa kwenye benchi na wagonjwa. Mama mmoja aliyefungwa mkono alituangalia sote, wazima, akashindwa kuvumilia. "Mugonjwa ni nani?"

Papa Michel akavua kofia. "Ni ngolo, mama. Ya mutoto yangu."

"Pole," yule mama akajibu, kwa heshima zote.

Umeme ulikuwepo, Mungu asifiwe. Élise alijaribu kumnyoosha ngolo juu ya meza, Papa Michel akamshika mkono: "Atavunjika, docteur. Ameshazoea vile." Akapigwa picha hivyo hivyo, duara. Na picha ilipotokea, nawaambia, mimi nisiyependa samaki nilishika mdomo. Uti wa mgongo ulikuwa wazi, mweupe, pingili baada ya pingili, kila mfupa na nafasi yake. Élise akatueleza kwamba nyama yenye maji inaficha mifupa midogo, na nyama ya huyu moshi ulikuwa umeshaikausha. Marthe akaanza kuhesabu kwa ncha ya kidole. Akafika mkiani. Akarudia. Nikahesabu na mimi. Papa Michel akahesabu kwa Kilokele, lugha ya kwao, sauti ya chini, tukapata hesabu moja sote, ile ile ya wale samaki wadogo wa Yanonge.

"Ndiye," Marthe akasema. "Ndiye! Ni huyu!"

"Subiri," Élise akasema. "Tumboni kuna nini? Punjepunje hizi." Marthe akachukua koleo ndogo, akachokoa taratibu chini ya tumbo, akatoa punje chache, ngumu, nyekundunyekundu. Mayai. Jike aliyekomaa, na mayai yake.

Hapo Marthe alimrukia mzee shingoni, karibu waanguke wote. "Papa, kama ungetoa matumbo!"

"Si ulinikataza?" Papa Michel akasema, anatafuta kofia yake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Yanonge yote, naona, ilikuwa imepanda mashua: shangazi wamevaa kitenge kimoja, poda kwenye mikoba tayari kwa kummwagia daktari mpya, ngoma imefichwa chini ya kiti. Profesa Mahmoudi alikuwa mwembamba, miwani, uso usiocheka. Aliwaacha wenzake wamalize, kisha akainama mbele. "Madame, nilikuomba samaki mmoja aliyekomaa. Yuko wapi?"

Marthe akamweka mezani, kwenye sahani nyeupe. Harufu ikatembea mstari kwa mstari. Mtu nyuma akaita, "Na lituma?" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mahmoudi hakucheka.

"Huu ni mchezo?"

Marthe akainua ile picha, akaanza kueleza, na nikaitambua sauti: ni ile ya Ijumaa zetu, ya maneno ya nyumbani. Akawaeleza maprofesa kama anavyotueleza sisi. Mahmoudi akachukua picha, akaenda nayo dirishani. Akahesabu kwa kalamu, midomo inacheza. Akarudi, akaangalia ngolo, akaangalia mayai ndani ya kisahani, akaenda tena dirishani, akahesabu tena. Nilitamani kumpokonya picha nimhesabie mwenyewe.

"Nani alimkausha?" akauliza.

Papa Michel akasimama, kofia mkononi, anadhani ni kesi. "Ni mimi, profesa."

"Maabara ina alkoholi. Kwa nini hamkuitumia?"

"Mimi ni shemasi, profesa."

Ukumbi ukacheka tena, na safari hii mdomo wa Mahmoudi ukapinda upande mmoja. "Na kwa nini hamkutoa matumbo? Kila mtu hutoa."

"Mutoto alinikataza. Yeye ndiye anajua."

Profesa akakaa. Akavua miwani. "Sina swali lingine," akasema.

Walitoka kushauriana. Papa Michel alisali, mimi nilikula kucha, Ruphin aliongea peke yake. Waliporudi tukasimama wote, na mwenyekiti akasoma: Marthe wetu, daktari wa sayansi, kwa sifa ya juu kabisa, kwa kauli moja ya jopo lote. Basi! Ngoma ikatoka chini ya kiti, poda ikaruka, vigelegele vikafunika maneno ya mwisho. Mimi, mtu wa sheria, nilipanda juu ya benchi nikacheza. Élise alilia mpaka akaomba leso. Shangazi mmoja alimmwagia Profesa Mahmoudi poda kwenye koti kwa makusudi, naye akajipangusa bila kukasirika.

Ndipo alipouliza: "Samaki yuko wapi?"

Shangazi mwingine alikuwa ameshamfunga kwenye kitambaa, moja kwa moja jikoni. Tukamrudisha. Profesa akaeleza kwamba huyo haliwi tena, anaingia katika makumbusho ya chuo, ndiye atakayeonyesha kwamba ngolo ni wawili. Papa Michel aliduwaa. Samaki mzuri vile, moto wote ule, asiliwe na mtu? Akamgeukia Marthe, na Marthe, mweupe kwa poda, akamwonyesha kikaratasi ambacho profesa alikuwa anakifunga mkiani. Mzee akasogeza macho, akasoma kwa sauti: Yanonge. Aliyemvua: Michel Lokinda. Aliyemhifadhi: Michel Lokinda, kwa moshi.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, papa. Watakaosoma hapa wakati sisi hatupo, watasoma jina lako kwanza."

Mzee akamsogelea Profesa Mahmoudi, akamshika mkono wenye kalamu.

"Bon," akasema. "Lakini mvua ikikuwa mingi, profesa, mumurudishe juu ya moto kidogo. Bila vile ataoza, na jina yangu iko pale."

Profesa akaifungua tena kalamu yake, akaandika na hilo.