Malkia Ambaye Hakuna Aliyemla

Treni ilinitoa Kigoma nikiwa nimekalia gunia la dagaa la mtu nisiyemjua. Nilikuwa nakwenda Dar es Salaam. Dodoma nikashuka kununua zabibu, na nilipogeuka, behewa la mwisho lilikuwa linapotelea upande wa Ihumwa. Nikabaki na zabibu mkononi.

Enzi zile kila mtu alikuwa anafungua biashara yake, nami nikapata kazi kwenye chumba cha kuchapa barua. Kwa kuwa nilijua kompyuta kidogo, chama cha sataranji cha mtaa wa Nkuhungu, palepale Dodoma, kiliniomba nichague programu ya kuhifadhi michezo ya mwanzilishi wao, karani mstaafu wa reli. Macho ya Mzee huyo yalikuwa yanakwisha. Alitaka ushindi wake, aliouandika kwenye madaftari, uwekwe mahali ambapo mchwa hawafiki, naye auone kabla giza halijamfunika.

Nilipata programu mbili. Moja ilihifadhi tu kile ulichoandika. Nyingine iliucheza upya kila mchezo na kuweka alama nyekundu palipokosewa. Hiyo ndiyo niliyoitaka.

"Ya nini makuu yote hayo?" akasema mwalimu mmoja, mwanachama. "Chukua ile nyepesi. Sikiliza wakubwa, Bwana Zabibu."

Wenzake wakacheka, lakini si sana. Sikuelewa. Nikaweka ile ya pili, Mzee akaketi pembeni yangu, pua karibu iguse kioo.

Mchezo wa kwanza, nyekundu. Mpinzani angeweza kumla malkia wa Mzee bure. Badala yake alisogeza askari wa pembeni. Wa pili, vilevile. Wa tatu, ilibaki hatua moja mfalme wa Mzee afungwe, mpinzani akarudisha farasi nyuma. Nikageuka. Watu wazima, watumishi wa serikali, walikuwa wamesimama nyuma yetu wakitazama sakafu.

"Mlikuwa mnaniachia?" Mzee akauliza.

"Wewe ndiye uliyetufundisha, Mzee," mwalimu akasema taratibu. "Nani angekufunga mbele za watu?"

"Tangu lini?"

"Tangu ustaafu."

Mzee akarudisha uso wake kwenye kioo.

"Nifute, Mzee?" nikauliza. "Tuweke ile nyingine?"

"Usifute. Ingiza na ya zamani, ya kabla sijastaafu. Nataka kujua ipi ni yangu."

Nikaiingiza jioni baada ya jioni, naye akisikiliza nikimsomea. Baadhi ilikuwa yake kweli.

Siku niliyoihama Dodoma, nilipita kuaga. Mzee alikuwa anacheza na mwalimu, na malkia wake alikuwa wazi kabisa. Mkono wa mwalimu ukasita hewani, ukaanza kuelekea kwa askari.

"Mle!" Mzee akapiga meza.

Mwalimu akamla. Mzee akashindwa muda si mrefu, akanigeukia.

"Ingiza na huu."

Nikauingiza, ndipo nikabeba begi langu kwenda stesheni.