Geji Iliyosoma Sufuri Mama Akiwa Nyuma

Ndege ya kutoka Ukunda kwenda Nairobi iko juu ya Kajiado, abiria wanakunywa chai, na rubani msaidizi Selpha Khisa ameikazia macho geji moja. Geji ya presha ya oili ya injini ya kulia imeshuka ghafla hadi sufuri.

Injini isiyo na oili hujisaga mpaka ikwame. Lakini ukizima injini iliyo nzima kwa sababu ya geji mbovu, umebaki na moja tu, na hiyo nayo ikigoma huna pa kukimbilia.

“Kapteni, tuzime?” anauliza rubani huyo msaidizi.

“Ngoja kwanza,” Kapteni Abdikadir Muhumed anamjibu. “Haraka haraka haina baraka. Taa nyekundu imewaka?”

Haijawaka. Taa hiyo ya tahadhari ina waya wake na kipimo chake, mbali na vya geji. Mwongozo wanaousoma kwa sauti hauna mzaha: geji na taa vikikubaliana, zima; geji ikiwa peke yake, endelea huku ukichunga. Selpha anabonyeza kitufe cha kuijaribu taa. Inawaka, basi si kwamba imekufa. Joto la oili nalo limetulia.

Wanaiacha injini iendelee. Ukiambiwa kazi ya urubani ni miwani ya jua na shati jeupe, kataa! Selpha anaenda roho mkononi, kwa kuwa nyuma, kando ya dirisha, ameketi mamake mzazi, Mama Roda, ambaye kabla ya leo hajawahi kupanda ndege maishani.

“Wacha nikwambie ukweli, niliogopa sana,” anasema Selpha baadaye, akihojiwa na gazeti nyumbani kwake Kitengela huku akiwatupia kuku mahindi. “Mama hakutaka kupanda. Alikuwa amemtembelea ndugu yangu Morgan huko Ukunda, na tiketi ya basi ya kurudi alikuwa nayo. Mimi ndiye nilimsumbua mpaka akakubali. Sasa nikawa najiuliza, kama hiyo geji inasema ukweli, nimemleta mama afie hapa?”

Kuku hao si wa mapambo. Mayai ndiyo yaliyomlipia sehemu ya masomo ya urubani, akiyauza duka kwa duka kabla ya kwenda darasani.

Siku hiyo angani, mabati ya Kitengela yalipotokea chini, hakuyatazama. Jicho moja lilikuwa kwenye joto la oili, jingine kwenye taa, mkono karibu na wenzo wa kuzimia injini. Hivyo hivyo mpaka magurudumu yakagusa lami ya Nairobi.

Mafundi walifungua, wakakuta waya wa geji umelegea. Injini ilikuwa nzima.

“Nilienda chooni nikalia,” anasema. “Kutoka nje, mama ananiambia, ‘Kumbe ni kama kukaa kwa sofa! Lakini mbona hukuja hata kunisalimia?’ Mpaka leo sijamwambia.”

Mwaka ujao Selpha anatarajia kufanya mtihani wa ukapteni. Safari yake ya kwanza katika kiti cha kushoto, kile cha kapteni, anataka mamake awe ndani. Ila sharti amwambie kwanza yaliyotokea, kabla hajayasoma gazetini.

Anampigia simu papo hapo, anamweleza yote bila kuficha, kisha anamwalika kwenye safari hiyo ya kwanza. Selpha anafumba macho.

“Kwa hivyo uliogopa, na bado ukanifikisha?” sauti ya mama inauliza. “Basi hiyo siku yako uniwekee kiti cha mbele.”