Mkaguzi Aliyekubali Kila Kitu

Mimi ni mtu wa kushuku. Mchuuzi akinipunguzia bei kabla sijaomba, naondoka. Ndiyo maana siku ile, ofisini kwetu Randburg, Afrika Kusini, mkaguzi alipojibu "sawa" hata sijainua kikombe cha chai, nilinuna.

Mkaguzi ni programu inayopima kanuni. Tulikuwa tukibuni programu ya kuchora pochi ya mguu bandia, ile sehemu ya plastiki ngumu kigutu kinapoingia. Kabla ya kuiunda, tulieleza umbo la pochi kwa lugha ya kanuni, alama tupu za kihesabu, ili mkaguzi athibitishe kwamba ukuta hautakuwa mwembamba popote. Mama mmoja wa Kitanzania, muuza mablanketi mjini, alikuwa akingoja mguu wa kwanza wa programu yetu. Bosi alishamwahidi Ijumaa.

"Dada, weye unashuku mpaka salamu," alisema mwenzangu Mkongomani, tuliyeandika naye kanuni. "Amekubali. Sharp, poa, twende tukule."

Sikwenda. Kwetu Tanga, mtu akiitikia kila analoulizwa, mama yangu humtupia uongo mmoja aone kama atauitikia nao. Nikamuuliza mkaguzi: ukuta una unene wa sifuri? Akajibu: sawa. Nikamtaka anionyeshe pochi moja tu inayotii kanuni zetu zote. Akajibu: hakuna.

Ukuta tuliuchora kama karatasi moja, unene tukiupa kwa namba. Kanuni moja ilidai kila ukingo uunganishe nyuso mbili, kama sanduku lililofungwa. Nyingine ilidai pochi iwe wazi juu, na ukingo wa mdomoni una uso mmoja tu. Kanuni zikipingana hivyo, mkaguzi huthibitisha lolote, kweli na uongo, kwa kuwa hakuna pochi inayoweza kumkanusha. Tulikuwa tumethibitisha uimara wa kitu kisichoweza kuwapo, tena tukataka kwenda kula.

Tulirekebisha kanuni. Safari hii mkaguzi alikataa, akatuonyesha ukuta mwembamba chini ya goti, panapobeba uzito. Huyo nilimwamini. Bosi alifoka, kisha akaniambia nimpigie simu yule muuza mablanketi mimi mwenyewe. Niliogopa kweli.

"Shikamoo, mama. Mguu bado. Tumekuta kasoro."

"Marahaba. Wale mafundi wa mguu wangu wa zamani waliniambia uko tayari. Ukanivunjikia pale kwenye robot, kwenye taa za magari, katikati ya barabara, magari yanakuja. Nitangoja, mwanangu."